Yowe la Asubuhi Murusagamba

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikisema jambo nalisema lilivyo. Mjukuu wangu wa kike anacheza tenisi. Si mchezo wa kupitisha jioni. Ndiyo kazi yake, inayomlisha na kumpandisha ndege, kama mwingine alivyo mwalimu au dereva wa lori. Mkono wake wa kulia niliufundisha mimi. Alikuwa na miaka sita, tunapura maharage uani hapa Murusagamba, nikamwambia, "Usipige kwa bega, utalia usiku. Zungusha kiuno, mkono utafuata." Masista wa shule aliyosoma kule Biharamulo walikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, wakamwona anavyopiga, wakamtafutia kocha, na kocha akamtafutia nchi za watu. Hao walimpeleka. Mkono ni wangu. Anayebisha aje tubishane.

Mwaka huu alikuja wakati wa kuvuna maharage, kupumzisha bega kwa wiki mbili. Hata begi hajalifungua, akasema, "Bibi, kila siku kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili sitatoka hapa nyumbani."

"Una mwiko gani?"

"Wapimaji wanaweza kuja."

"Wanapima nini?"

"Mkojo."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Watu watoke mjini, wapande milima yote hii na mavumbi yake, wafuate mkojo wako?"

"Wanaweza wasije, Bibi. Wanaweza wakaja. Siambiwi."

Akanieleza. Wanawasaka wachezaji wanaokunywa dawa za nguvu. Kwa hiyo kila siku ya mwaka anaandika kwenye simu atalala wapi na saa gani atakutwa hapo. Wakifika wasimkute, ni kosa. Makosa matatu ndani ya mwaka, anafungiwa, hachezi tena miaka mizima.

"Na wewe unayo mangapi?"

Akanyoosha vidole viwili. La kwanza ndege ilichelewa. La pili alihama hoteli akasahau kuandika.

Basi akawa mfungwa wangu. Nilimchemshia mizizi ya bega, ile iliyoninyoosha mimi nilipoanguka na mzigo wa kuni. Akakataa. "Siwezi, Bibi. Sijui kuna nini ndani."

"Ndani kuna mikono yangu. Ndiyo huijui?"

Nilimwaga dawa kwenye shina la mgomba, nimekasirika kweli.

Jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi kama upupu, akapita asubuhi ya tatu. "Mama, nasikia mjukuu wako kakaa ndani kama mzazi. Tulete uji?"

"Lete," nikamwambia. "Na kuni lete."

Nilijibu kwa majivuno, lakini lilinichoma. Picha yake akiwa ameinua kikombe iko ukutani kwangu, pembeni ya Bikira Maria. Mgeni akija, kabla hajakaa, namwonyesha. Sasa mwenye picha amekaa mkekani anaangalia barabara kama kuku aliyefungwa mguu. Siku moja tunachagua maharage akaniambia, "Bibi, tangu nianze kazi hii sijawahi kupotea hata siku moja. Kila siku kuna mtu anajua nilipo."

"Si vizuri? Mwenzio akipotea, nani anamtafuta?"

"Ng'ombe wako umemfunga kamba ndefu kuliko yangu."

Nikamwambia aache deko, watu wanatafuta hiyo kamba hawaipati.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nyumba yangu iko bondeni, simu haishiki. Ukitaka mtandao unapanda mgongo wa kilima, na kule juu siku nyingine simu inashika Burundi. Ikishika Burundi inachukua na saa ya Burundi, ambayo iko nyuma yetu kwa saa nzima, na ukishuka bondeni inabaki nayo. Hapa kwetu kila mtu analijua. Kuna waliokosa misa, kuna waliokosa gari la Ngara mjini. Ukiulizwa saa unauliza kwanza, "Ya kwetu au ya ng'ambo?"

Jioni moja alipanda kilimani kuandika mahali pake, akarudi. Redio yangu ikatangaza saa mbili, taarifa ya habari. Akatazama simu yake, akacheka. "Redio yako imezeeka kama wewe, mke mwenza. Ndiyo kwanza saa moja."

Nilisikia, nikajua, nikanyamaza. Kwa nini? Niseme ukweli, ni kiburi. Nilisema moyoni, mtoto aliyezunguka dunia, kilima chetu kitamdanganya nini? Nikacheka naye, nikazima redio.

Asubuhi jua limeshachomoza, akavaa raba. "Nakimbia mpaka mtoni, Bibi. Nina saa nzima kabla ya kukaa."

Nikamwitikia huku napuliza moto. Hata moshi haujaisha jikoni, gari likaingia uani. Mwanaume na mwanamke, na sanduku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni viti."

Wakamtaja mjukuu wangu kwa jina lake lote, lile la cheti. "Ametoka kidogo," nikasema. "Ni saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi na tano. Tutamsubiri mpaka saa mbili. Asipofika, tunaandika kwamba hakuwepo."

Mwanamke akatoa karatasi, akaiweka gotini, kalamu juu yake. Nikaitazama ile kalamu. Toka hapa kwenda mtoni mimi na magoti haya ni asubuhi nzima. Simu haishiki. Kengele ya shule ikalia, watoto wakapita wanakimbia, na yule mwanaume akawa anatazama saa yake ya mkononi.

Nikasimama katikati ya ua, nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe.

Kwetu yowe halichezewi. Ni la mwizi, la moto, la mtu kufa. Ukilisikia unatupa jembe unakimbia, na ukilipiga bure unalipa pombe. Nilipiga mara tatu mpaka koo likachanika. Kilima cha pili wakaitikia. Mgeni mwanamke akasimama, uso umekuwa wa majivu. Kabla hajaniuliza, uani pameshajaa mapanga na fimbo, na yule jirani yangu na mchi wake.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi."

"Nyoka?"

"Hakuna nyoka."

"Sasa yowe la nini, mama?"

"La mkojo," nikasema.

Wakatazamana. Hapo hapo mjukuu wangu akatokea kwenye migomba, raba mkononi, miguu imelowa, jiwe kwenye mkono mwingine. "Bibi! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Weka jiwe chini, wageni wako hawa."

Mwanaume akasema ni saa mbili kasoro dakika sita.

Nilipiga kigelegele. Nikadhani yameisha. Kumbe mbio zilikuwa zimemkausha, mkojo hautoki. Akawa anakunywa maji ya chupa, na yule mwanamke hamwachi hata hatua mbili. Akienda chooni, anaingia naye, mlango wazi, anatazama. Wakatoka bure, wakaketi, wakarudi tena. Na watu wangu hawakuondoka. Wameegemea ukuta wanasubiri, kama mnadani. Mpaka saa nne ndipo ukatoka, wapimaji wakaondoka nao. Uso wa mjukuu wangu niliouona siku ile haufanani na ule wa ukutani kwangu. Nilitoka na fagio nikawafukuza wote.

Balozi wetu wa nyumba kumi alibaki. "Yowe la bure ni mtungi wa rubisi, mama."

"Halikuwa la bure. Mtu wangu alikuwa anapotea."

"Ni mtungi," akasema. Nilitoa mtungi.

Jioni nikamwambia kosa langu lote, habari ya redio na kiburi. Hakukasirika. Akasema, "Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, miguu majini. Nilijiuliza, wakija siku moja wasinikute, nitalia au nitashukuru? Bado najiuliza, nikasikia yowe lako."

"Ungejijibu nini?"

"Sijui. Umeshanijibia, mke mwenza."

Nikainuka kwenda kumfunga ng'ombe.

Kesho yake saa moja, ya kwetu, alikuwa kizingitini. Nikaketi naye na ungo wa maharage, nimewasha redio. "Hawarudi leo," nikasema.

"Wanaweza kurudi."

Redio ikatangaza saa mbili. Hakunyanyuka. "Nenda basi," nikamwambia, "mpaka kesho huna bwana." Akaenda hadi inapoanzia migomba, akasimama, akageuka kuangalia barabara.