Radi Iliyotumwa kwa Kaka Yangu

Nilipokuwa mtoto pale Kasense, watu waliamini kwamba kaka yangu Gaudensi angekufa kwa radi. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba na redio za kaseti zimejaa sokoni Sumbawanga, naye alikuwa ameiba redio dukani kwa Mzee Saidi. Haukuwa wizi wake wa kwanza. Alishachapwa, alishalala mahabusu, akitoka, anarudia. Mzee Saidi akachoka, akatangaza kwamba ameshafika kwa mganga: mvua zikianza, radi itamtafuta mwizi wake. Majirani wakaacha kuja kwetu.

Bibi hakubishana nao. Alimuuliza Mama, "Huyu mtoto alianza lini?"

Mama akafikiri. "Baada ya baba yake kufa."

Baba alifia Kipili, ziwani, alikokwenda kununua samaki, migebuka. Ilikuwa masika, barabara haipitiki, akazikwa kabla hatujafika.

"Mtoto wa kwanza asiyemtupia baba yake udongo," Bibi akasema, "mkono wake hautulii."

Tukapanda lori la samaki kwenda Kipili: Bibi, Gaudensi na mimi. Tulipofika kaburini mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa, na ngurumo zikaanza. Nikajua ndiyo saa yenyewe. Nilishika kanga ya Bibi kwa mikono miwili. Gaudensi aliinama, akachota udongo, akaumwaga juu ya kaburi.

"Baba, mimi nilikuwa shule," akasema. "Hawakunisubiri."

Akalia. Hata siku ya habari ya msiba hakuwa amelia. Mvua ikatukuta hapo hapo. Bibi akaketi matopeni, akamfunika kwa kanga yake mpaka ikapita. Radi haikumgusa mtu.

Tuliporudi, alikwenda mwenyewe dukani.

"Shikamoo, mzee. Redio nilishaiuza. Nipe kazi niilipe."

Mzee Saidi alimtazama sana. "Marahaba. Anza na hayo magunia."

Hakubadilika kwa siku moja. Baadaye aliiba kuku wa jirani, na Bibi akaongozana naye kumrudisha kuku huyo. Huo ndio uliokuwa wizi wake wa mwisho.

Kama udongo una nguvu hiyo, sijui. Ninachojua ni kwamba mji mzima ulimwona mwizi, na Bibi akamwona mfiwa. Siku hizi Gaudensi ni mwashi, ana watoto wake. Tukienda msibani, kabla hajawasalimia wakubwa, huuliza kwanza watoto wa marehemu wako wapi, kisha huenda kukaa nao.