Gari la Kusukumwa

Kila ninapofungua mlango wa gari langu kuukuu, harufu ya petroli na viti vilivyopigwa na jua hunirudisha Kaloleni, Jumapili asubuhi. Gari la kwanza la baba halikuwaka bila kusukumwa. Yeye na majirani walilisukuma wakiwa na suti za kanisa. Mimi, binti wa miaka tisa, nilishika usukani kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nimekalia ukingo wa kiti ili mguu ufikie klachi.

"Usiachie bado," baba alisema akihema dirishani. "Haya, mama, achia." Ndivyo alivyoniita, maana nilirithi jina la mamake.

Likanguruma. Baba akarukia ndani huku anacheka, tai imelowa jasho.

Gari langu lina betri mpya. Bado naliegesha penye mteremko.