Directeur Anataka Simu Niliyoiweka Iwasikilize Manesi

Admin, ficha jina langu na la hospitali, mengine yaache kama nilivyoandika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Ninaishi Shituru, hapa Likasi, pamoja na baba yangu aliyestaafu kiwandani. Ninashughulikia kompyuta katika hospitali moja ya misheni. Niko peke yangu: printa ikikwama ni mimi, mtandao ukikatika ni mimi.

Hospitali yetu ina kituo kidogo cha afya upande wa Kapolowe. Muuguzi wa kule nitamwita Mama Béatrice. Zamani akimhitaji daktari alipiga kwa simu yake mwenyewe, na mara nyingi namba ya daktari wa zamu haikupatikana. Mwaka jana mama mmoja alitokwa damu baada ya kujifungua. Mama Béatrice alipiga, akapiga tena, hakuna aliyepokea. Yule mama alifariki. Mama Béatrice alipokuja Likasi kuleta ripoti alisimama mlangoni kwangu, macho mekundu, akaniuliza: "Mwana wangu, weye unayua mambo ya machine. Kweli hakuna namna?"

Namna ilikuwepo. Tuna pare-feu, yaani kompyuta inayokaa kati ya mtandao wetu na internet, ikichagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Yetu ni kompyuta kuukuu niliyoiwekea programu ya bure, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Nikasoma kwamba inaweza kuongezewa huduma ya simu: kila chumba, hata kule Kapolowe, kinapata namba yake, na sauti inapita kwa internet. Nikaiongeza. Siku ya kwanza nilimsikia Mama Béatrice akipiga kelele, "Allô! Allô! Uko?" lakini yeye hakunisikia hata neno. Pare-feu yenyewe ilikuwa inazuia sauti yangu isitoke. Nilitafuta siku mbili mpaka nikapata mlango wa kufungua ili sauti ipite, na milango mingine yote nikaifunga, kwa sababu watu wasiojulikana walishaanza kujaribu kuingia wapige simu kwa jina letu.

Wiki ileile Mama Béatrice alipiga kwa ajili ya mzazi mwingine. Daktari wa zamu alipokea, akamwelekeza hatua kwa hatua, na ambulansi ilitoka kabla hawajamaliza kuongea. Mama na mtoto wako hai. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia siku ile.

Halafu mtu akaandika barua bila jina kwa wenye hospitali, kwamba maternité, yaani wodi ya wazazi, haina maji wala glavu. Ilikuwa kweli tupu. Directeur, mkurugenzi wetu, akaniita, akitaka kumjua aliyeandika.

"Ile système yako, inaweza ku-enregistrer sauti za bantu?"

Nami kwa ujinga wangu nikajibu, "Ndiyo, Papa Directeur."

"Sawa. Enregistre simu ya maternité na ya Kapolowe. Kila vendredi, mwisho wa wiki, unaniletea. Na usiambie muntu."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na sitaificha. Sikukataa palepale. Nilirudi kwenye meza yangu, nikawasha sehemu ya kurekodi, nikajiambia ni majaribio tu. Mazungumzo ya kwanza niliyofungua yalikuwa ya Mama Béatrice na mkunga wa huku. Hakusema lolote kuhusu barua. Alikuwa analia. Alikuwa anamweleza mwenzake jibu la kipimo chake mwenyewe, jambo ambalo hata mume wake hajui. Nilivua visikilizio masikioni kama vimeniunguza. Nikafuta ile sauti, nikaondoa kabisa sehemu ya kurekodi, nikaenda kwa Directeur.

"Papa Directeur, ile kazi minye siifanyi."

"Weye ni muntu ya machine. Machine haiulizake."

"Minye si machine, Papa. Na ile simu niliiweka juu ya bagonjwa, si juu ya kufuata bafanyakazi."

Kesho yake nikapewa demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze, eti nimekataa amri ya mkubwa. Nikajibu kwa mistari mitatu: nimeombwa kurekodi wafanyakazi kwa siri; nimekataa; nikiombwa tena nitakataa tena. Sasa wananitaka hadi lundi, yaani Jumatatu, niandike barua ya kuomba pardon, msamaha, na nimpe password fundi mwingine watakayemleta.

Baba amekasirika. "Lomba pardon, mutoto yangu. Minye kule usine nilinyamaza kwa mingi, njo maana mulikula na mukasoma."

Nilimwambia, "Papa, ninakuheshimu. Lakini minye sitanyamaza."

Tangu jana anakula peke yake.

Basi, ndugu zangu, kuhusu pardon musinishauri. Sitaandika. Wakinifukuza nitatoka kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiniona. Password nitaitoa, maana mashine ni ya hospitali, nami najua fundi mpya ataweza kuirudisha ile sehemu ya kurekodi kwa dakika chache.

Kinachonisumbua ni manesi. Nikiwaambia, wataiogopa simu, watarudi kwenye zile namba zisizopatikana, na kule Kapolowe kuna wanawake ambao siku zao zimekaribia. Nikinyamaza, wataendelea kumwaga siri zao katika kitu nilichokiweka kwa mikono yangu.

Na Mama Béatrice bado ananipigia kila asubuhi kunisalimia. "Mwana wangu, umelala muzuri?" Ninajibu ndiyo. Yeye hajui kwamba niliisikia siri yake.

Munitukane mukitaka, lakini munijibu kabla ya lundi: niwaambie? Na yeye, nianze kumwambia kwa neno gani?