Mwanga Niliouona Ndani ya Bunduki

Bado nina kazi, na kila Ijumaa naipangusa bunduki yenyewe kwa kitambaa chenye mafuta, kwa hiyo acha nijichekee.

Mimi ni dereva Jeddah, na bosi wangu namwita Baba. Siku ya kwanza nilimdanganya kwamba Kenya nilikuwa mwanajeshi. Ukweli ni kwamba nililinda duka la magodoro Nakuru, kwa rungu. Basi alipotaka bunduki kuukuu ya vita ya kutundika sebuleni, akanipeleka Riyadh kwa mjomba wake nikamchagulie.

Mjomba alitutolea tatu. Nilikunja uso kama jenerali, nikagonga vitako vyake vya mbao, nikanusa vyuma. Ya tatu nikaichungulia mdomoni, jicho moja nimelifumba.

"Chukua hii, Baba! Ndani ni safi kabisa, naona mwanga mpaka upande wa pili."

Mjomba alinitazama kwa huruma. Akachomoa komeo la chuma lililokuwa limeziba mtutu kwa nyuma, kisha akavuta tambara refu, jeusi kwa vumbi, lililokuwa limeshindiliwa humo ndani.

"Yalla, mwanajeshi," akasema. "Sasa chungulia."