Mwendo wa Kupalilia

Mama alipokuja Toronto kunisaidia kulea binti yangu mchanga, baridi haikumtisha hata kidogo. "Mimi mtu wa Makete," aliniambia pale uwanja wa ndege, akilisukuma koti nililomletea. "Umande unaganda kwenye viazi, tunaukanyaga asubuhi tunaendelea na kazi. Baridi gani tena?"

Alichokuwa hajakijua, na wageni wengi wa kwetu hawakijui, ni kwamba baridi na barafu ni vitu viwili. Baridi unaivalia nguo. Barafu inataka uijulie mwendo. Hazikupita wiki nyingi akatoka na gambuti zake za shambani, soli zimelika hadi zikawa laini kama sahani, akateleza kwenye maegesho ya magari chini ya jengo letu la Scarborough. Akavunjika mkono.

Mkono ulipona. Miguu ndiyo iliyogoma. Alikaa kwenye fleti, ghorofa ya tisa, akitazama mabasi kupitia dirisha. Kanisa letu lilikuwa na ibada ya Kiswahili, na wenzetu wa Kongo waliokuwa wakiongoza kwaya walikuwa wameshamsikia akiimba, kila Jumapili wakaniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikiwapa jibu lake, lilikuwa lile lile: hashuki.

"Nirudishe nyumbani, mwanangu," akaniambia. "Huku nimekuwa mfungwa."

Sikumbishia. Lakini nilikuwa nimezoea kurudi kazini nikakuta nyumba inanukia maharage, na mtoto amelala mgongoni kwake.

Majira hayo televisheni ilikuwa ikionyesha mbio za kuteleza kwenye barafu. Alikuwepo msichana mmoja wa Kiholanzi, nguo ya rangi ya chungwa, mgongo umelala kabisa, mkono mmoja ameuweka nyuma kiunoni. Mama akampenda hapo hapo.

"Kampita! Kampita mwenzie!" alipiga kelele hadi mtoto akaamka. Kisha majina yakatokea kwenye kioo. "Wa nne? Mbona kamwacha mbali vile?"

Nikamweleza. Wanakimbia wawili wawili, kila mmoja kwenye njia yake, na wakizunguka wanabadilishana njia ili umbali uwe sawa. Lakini anayepimwa ni kila mtu na saa. Yule wa pembeni hata ukimwacha, huenda jozi nyingine wamekimbia vizuri zaidi yenu wote.

Mama akafikiri. "Basi ni kupalilia. Kila mtu na tuta lake." Akainuka kwenye kochi. "Na mtazame mgongo huo. Huyo yuko shambani kabisa!"

Akainama pale kwenye zulia, magoti yamekunjika, uzito wote mbele, mkono nyuma. Akapiga hatua fupi hadi jikoni, akageuka, akarudi. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Kesho yake alitaka tushuke. Nilikuwa nimemnunulia viatu vyenye meno ya kushika barafu, nikamshika kiwiko. "Niachie," alisema. "Mtu anapalilia unamshika kiwiko ili iweje?" Tulifika kituo cha basi polepole, yeye ameinama kama anayetafuta sarafu, wapita njia wakitutazama. Jumapili aliimba.

Tiketi haikutajwa tena. Kila majira ya baridi tulimtafuta Mholanzi wetu. Mwanzoni alikuwa wa mbio fupi, mita mia tano, kuchomoka na kumaliza. Baadaye akaongeza elfu moja, kisha elfu moja na mia tano, na nikamweleza Mama kwamba hapo kasi peke yake haitoshi, ukiimaliza mapema mzunguko wa mwisho unakuadhibu. "Amekua," Mama akasema. "Amejifunza kugawa nguvu." Binti yangu, aliyekuwa sasa akienda shule, alimsikiliza bibi yake kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza: miguu ya Mholanzi imechoka, bibi haoni? Bibi aliona. Miaka ilikuwa imepita kwa wote wawili, yeye na Mholanzi.

Mbio zake za mwisho tulizitazama sote watatu. Hakushinda. Alipovuka mstari aliacha miguu imbebe yenyewe, kisha akanyoosha mgongo taratibu, akasimama wima, akapunga mkono.

"Tuta limekwisha," Mama alisema.

Jioni hiyo kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na maegesho yalikuwa yameshika barafu. Nikachukua funguo za gari. Mama alikuwa ameshavaa viatu vyenye meno.

"Kaa na mtoto," alisema. "Basi nalijua."

Nilisimama dirishani. Kutoka juu alikuwa mdogo sana, mgongo umeinama, mkono mmoja nyuma, hatua fupi fupi kati ya magari. Alifika kituoni. Hapo akanyoosha mgongo, akageuka kulitazama jengo, akapunga mkono, bila kujua kama nilikuwa namtazama.

Nilimpungia.