Upepo wa Gari la Champaklal

Mrisho wa Mtaa wa Sikukuu alitaka jina moja tu duniani: Fundi. Ukimwita Mrisho kavukavu, hageuki ng'o. Mimi nashona viatu kwenye kibaraza cha jirani, nimemvumilia miaka sita, basi nina haki ya kumsema.

Mwaka hamsini na nne Champaklal, muuza vitambaa, alinunua gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani, ampeleke mkewe Jasumati Tanga wakilala njiani. Kumbe gari lina kwikwi. Ukikanyaga mafuta linasita, linakohoa, ndipo linaruka. Mrisho alifungua kabureta mara tano, akaisafisha kama sufuria ya harusi. Wapi. Champaklal akamwambia kwa upole, "Likisita tena kesho kutwa, nitalipeleka kwa fundi." Neno hilo lilimchoma Mrisho mpaka chakula kikamshinda.

Kesho yake akatangaza, "Nimeujua ugonjwa. Gari lina upepo." Alimaanisha hewa inapenya mahali na kuvuruga mafuta. Lakini Jasumati alizaliwa Kariakoo kama sisi, na upepo anaujua. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwajabu, mke wa Mrisho, anayewafukiza watoto wa mtaa mzima wakipatwa na upepo mbaya.

Mwajabu akaja na chetezo, makaa mekundu, ubani unafuka.

"Mama Sada, upepo huu si ule," Mrisho alimwambia mkewe. "Na hapa pana petroli."

"Upepo ni upepo, baba. Washa gari."

Mimi nilikusanya viatu vya watu nikavuka barabara. Sikuzaliwa nife kwa ujinga wa jirani.

Injini ikanguruma. Mwajabu akazungusha chetezo huku anasoma dua. Moshi ulipanda vizuri, hata ulipofika shingoni mwa kabureta ukapinda, ukazama kwenye upenyo mwembamba chini yake. Mrisho akatoa macho. Alizima gari, akaja mbio kuniomba boksi la viatu, akakata gasketi mpya ya kuziba upenyo ule, akafunga. Gari likaondoka laini, na Champaklal na mkewe wakaenda zao Tanga.

Jumatatu nilimwonea huruma, nasema kweli. Dereva wa lori alisimama mbele ya gereji, akauliza, "Fundi yupo?" Mrisho akainuka, anafuta mikono.

"Si wewe, bwana. Yule wa ubani."

Mrisho akageukia mlango wa nyumba yake, akaita, "Fundi, una mgeni."