Albamu Bora ya Mwaka Kibandani

Jumamosi nilikuwa nachaji simu kwenye kibanda kimoja hapa Kalemie. Vijana watatu walikuwa wakibishana juu ya albamu bora ya mwaka, kila mmoja na yake, mpaka mwenye kibanda alipoweka moja kwenye spika. Wote wakapiga makofi, wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo bora.

"Hii njo ya kwanza!"

Mama mmoja anayekaa Katanika, kambi ya waliokimbia vita, aliyekuja kuchukua simu yake, akaziba masikio kwa viganja, akamwambia mwenye kibanda:

"Papa, zima ile, tafazali."

Akazima. Kijana mmoja akamuuliza kwa upole muziki ule umemkosea nini.

"Wale waliotufukuza kijijini waliipiga kwa redio yangu," akajibu. "Bwana yangu amelala mulangoni, amekufa, nao wanacheza. Ikiisha, wanaianza tena."

"Pole, Mama. Lakini muziki haina kosa."

"Najua, mutoto wangu. Hata hiyo albamu, mimi njo niliinunua."

Sisi wapenzi wa muziki tunajua albamu ilitoka lini na nani alipiga gitaa. Imepita kwa nani kabla ya kutufikia, hatuulizi.

Mama akachukua simu, akaenda. Mwenye kibanda hakuweka wimbo mwingine, na hakuna aliyemwomba.